Muhogo, kunde na samaki wa chukuchuku: vyakula vya jikoni kwetu vilivyonishikisha masharti ya mlo

Ukili wa Donge (mwanzilishi wa uzi)

Assalaamu alaykum wanajamvi.

Nimeulizwa swali moja mara nyingi mno mwaka huu, shuleni ninakofundisha, kwenye daladala na hata kwenye matanga, kwamba nimekunywa dawa gani hata mwili ukapungua, na kwa kuwa jibu lake ni refu nimeona niliandike hapa ili kila anayeuliza nimwelekeze. Sikunywa dawa yoyote ya kupunguza mwili. Nilikula muhogo, kunde, samaki wa chukuchuku na mboga za majani, yaani vitu nilivyolelewa navyo Donge, na nimevila kwa miezi 14 bila kuacha. Nilianza nikiwa na kilo 94 na presha ya 150 kwa 95. Leo nina kilo 81, na presha yangu, kwa kidonge kile kile kimoja nilichoandikiwa mwanzo, imeteremka hadi 128 kwa 82.

Kabla ya hapo nilijaribu mara moja nikashindwa, na kushindwa kule ndiko kulikonifunza. Daktari aliponambia nipunguze mwili, nilitafuta orodha ya vyakula mtandaoni nikaipata yenye shayiri ya kopo asubuhi, kifua cha kuku na brokoli mchana, na mtindi usio na mafuta usiku. Nilivinunua vyote katika duka moja mjini kwa fedha ambayo ingelisha nyumba yangu wiki nzima, nikawa napika sufuria yangu peke yangu huku mume wangu na watoto wamelizunguka sinia lao. Nilivumilia siku 19. Siku ya 20 mama yangu alikuja kutoka shamba, akanikuta nimekaa pembeni na brokoli zangu zilizokwisha kupoa, akaniambia, "Mwanangu, mbona unakula kama mgeni nyumbani kwako?" Usiku ule nilikula wali wa nazi sahani mbili na masharti yakaishia hapo.

Maneno ya mama yalinikaa moyoni kwa sababu yalikuwa kweli. Chakula cha mgeni mtu hukila kwa adabu, na adabu haidumu mwaka mzima. Nilipoanza tena, sikuuliza ni chakula gani kina kalori chache kuliko vyote. Niliuliza ni chakula gani ninachokipenda tangu utotoni, kinachopatikana kila siku sokoni kwetu, kinachoshibisha, ambacho nyumba nzima itakila pamoja nami bila kununa. Kwa maoni yangu chakula kisichopita masharti hayo hakiwezi kuwa tegemeo la mtu anayepunguza mwili, hata kisifiwe vipi.

Muhogo ulikuwa wa kwanza. Kila Jumamosi nanunua mafungu mawili katika soko la Mwanakwerekwe, na huwa namwomba muuzaji avunje mmoja mbele yangu nione kama ni mweupe ndani na hauna michirizi ya buluu au nyeusi. Nikifika nyumbani naumenya, naukata vipande vya urefu wa kidole, nauchemsha kwa maji na chumvi kidogo tu. Muhogo mzuri hupasuka wenyewe sufuriani na kufunguka kama pamba, na ule uzi mgumu wa katikati hutoka kwa kuuvuta mara moja. Vikishapoa naviweka katika friji, na kila asubuhi navipasha moto vipande vitatu nivile na samaki aliyebaki na pilipili ya ndimu. Faida yake kubwa ni kwamba vinahesabika. Wali nilikuwa siwezi kuuhesabu, nilikuwa najipakulia tu, nikiongeza kijiko kwa ajili ya mchuzi uliobaki, kisha nikiongeza mchuzi kwa ajili ya wali uliobaki.

Kunde ndizo zinazonifikisha jioni. Nalowesha usiku, nachemsha alfajiri kabla sijakwenda kazini, kisha natia kitunguu, tungule, kitunguu thomu na bizari, bila tui. Bakuli moja la kunde saa 7 mchana, nikilila kabla ya kitu kingine chochote, linanitoa kabisa katika ile njaa ya saa 10 iliyokuwa ikinipeleka kwenye maandazi ya chai. Na samaki wa chukuchuku sina haja ya kuwaelezea watu wa visiwani: kibua au changu, maji, chumvi, ndimu na pilipili, basi.

Naomba kila mmoja aeleze chakula chake cha tegemeo, hasa ndugu zetu wa Pemba.

Karafuu ya Mtambile

Wa alaykumu ssalaam mwalimu, na Mwenyezi Mungu akuzidishie afya.

Pemba hatuna budi kuanza na mofa. Mkate wa mofa wa unga wa mtama, uliookwa katika tanuri ya udongo, ndio ulioniwezesha kuacha boflo, yaani mikate ya ngano, na niliacha boflo baada ya kula mbili kila asubuhi kwa zaidi ya miaka 20. Mofa ni mzito mkononi, hautaki siagi wala jemu, na mmoja ukiliwa taratibu na mchuzi wa dagaa unatosha. Lazima mnunuzi awe mwangalifu, maana siku hizi waokaji wengine huchanganya unga wa ngano mwingi ili mkate uwe laini na mweupe. Mofa wa kweli una rangi ya udongo, ukiuvunja unakatika badala ya kuvutika, na una harufu ya moshi. Mimi nina bibi mmoja ninayemnunulia, ambaye namjua anasaga mtama wake mwenyewe.

Chakula changu cha pili ni ndizi mbichi, hasa mkono wa tembo, na hapa ningependa kumsahihisha kwa upole kila anayesema ndizi zinanenepesha. Ndizi hazina kosa. Tumezoea kuzipika kwa tui bubu, lile zito la mkamuo wa kwanza, kisha tukalaumu ndizi. Gramu 100 za nyama ya nazi zina takriban kalori 350, na theluthi ya uzito wake ni mafuta matupu. Mtu anayekuna nazi mbili kwa sufuria ya watu wanne, kisha akaongeza vijiko vya sukari kama wafanyavyo wengine katika futari, hapaswi kushangaa mizani inaposema inachosema.

Siwaambii watu waache nazi. Mpemba aliyeacha nazi atairudia kabla ya Ijumaa. Mimi nilichofanya ni kubadilisha mpango wa mikamuo. Tui la kwanza naliweka kwa siku ya wageni au kwa kitoweo cha wiki, na chakula cha kila siku nakipika kwa tui la pili na la tatu, ambalo bado lina harufu na ladha ya nazi. Nakamua kwenye kifumbu kama kawaida, ila nachukua kile kilichokuwa kikitupwa na kukiacha kile kilichokuwa kikigombaniwa. Watoto walilalamika wiki mbili. Baadaye mtoto wangu mkubwa alikula kwa jirani akarudi akasema chakula cha kule kinamkwama kooni.

Muuguzi Mstaafu

Nimesoma kwa makini na nimefurahi, lakini nikiwa mtu niliyefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31 nina mambo ya kuongeza kabla watu wenye ugonjwa wa sukari hawajakimbilia sokoni.

Muhogo hauna kalori chache kuliko wali. Gramu 100 za muhogo uliochemshwa zina takriban kalori 160, na kiasi hicho hicho cha wali mweupe usio na nazi wala mafuta kina takriban 130. Shelisheli lina karibu 100, na mbatata za kuchemsha hazifiki 90. Kwa hiyo mwalimu hakupungua kwa sababu ya muhogo kuwa mwepesi. Alipungua kwa sababu alikula vipande vitatu vinavyohesabika mahali pa sinia lisilohesabika, na kwa sababu ule wali alioacha ulikuwa na tui ndani yake na mchuzi wa nazi juu yake. Nalisema hili si kwa kumpinga. Nimeona wagonjwa walioambiwa "muhogo ni dawa" wakala sahani nzima, na walipopimwa sukari walijikuta wamepanda kuliko siku za wali. Muhogo ni wanga. Mwenye sukari aule kiasi cha ngumi yake, na kamwe asiule peke yake: uandamane na kunde au samaki, na mboga za majani nyingi. Kunde, choroko, mbaazi na maharage huiachia sukari ya mwilini ipande polepole, na nyuzinyuzi zake na protini yake ndizo zinazoikawiza njaa.

Jambo la kushiba limepimwa kitaalamu. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakawauliza kila baada ya robo saa, kwa muda wa saa mbili, wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100 ili uwe kipimo. Mbatata za kuchemsha zilipata 323, zikawa za kwanza kuliko vyakula vyote, samaki wakapata 225, machungwa 202, na ule mkate wa siagi wa Kifaransa uitwao croissant ukapata 47. Ukitazama orodha ile unaona kwamba vyakula vyenye maji, protini na nyuzinyuzi vilishibisha, na vile vyenye mafuta mengi vilishibisha kidogo ingawa kalori zilikuwa zile zile. Samaki wa chukuchuku na mbatata, ambacho ni chakula cha mgonjwa katika nyumba zetu nyingi, kimekaa juu kabisa katika orodha ya Australia.

Mengine mawili kwa haraka. Muhogo mchungu usichemshwe tu na kuliwa, kwani una sumu ya sayanaidi, na wazee walikuwa wakiulowesha na kuukausha makopa kwa sababu hiyo. Na dagaa wa kukausha pamoja na papa mkavu wana chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Mwenye presha awaloweshe, amwage yale maji, kisha asitie chumvi nyingine katika mchuzi.

Wenye vidonge vya sukari au sindano, msipunguze chakula kwa ghafla bila kumweleza anayewatibu. Sukari ikiteremka mno ni hatari ya saa hiyo hiyo, na nimeshapokea watu wamebebwa.

Kijana wa Zamu

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mlinzi wa usiku, nimepanga chumba kimoja, sina friji wala muda wa kulowesha kunde. Chakula changu ni urojo jioni na chipsi mayai usiku wa manane, na tumbo limeanza kunitangulia nikiwa na miaka 27. Mtu wa aina yangu ategemee nini?

Ukili wa Donge

Marahaba mwanangu, umeuliza swali zuri kuliko nililouliza mimi, maana wengi wetu tunaandika kana kwamba kila mtu ana jiko.

Urojo wenyewe, ule mchuzi wa embe na ndimu, haukudhuru sana. Kinachouzidisha ni bajia, kachori, chipsi za muhogo na vipande vya mishikaki vinavyorundikwa ndani yake, kila kimoja kimetoka katika mafuta au kimepakwa mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina karibu kalori 120, na sahani ya chipsi mayai hainywi kijiko kimoja tu. Kwa hiyo mwambie muuzaji akutilie mbatata za kuchemsha, yai na nyama kidogo, aziache bajia. Atakufanyia, kwani wewe ni mteja wake wa kila siku.

Kwa usiku wa manane, kila pembe ya mji wetu jioni ina mtu mwenye jiko la mkaa anayeuza muhogo wa kuchoma, mahindi ya kuchoma, au pweza na supu yake. Pweza ni protini karibu tupu, na bakuli la supu yake lenye ndimu na pilipili linamkalisha mtu macho na shibe. Nunua mayai mawili ya kuchemsha uende nayo lindoni. Machungwa manne yaliyomenywa yatie mfukoni pia. Yote hayo hayahitaji friji, wala hayazidi bei ya chipsi unazonunua sasa.

Na chai. Hukuitaja, lakini mlinzi hakosi chupa ya chai. Kijiko kimoja cha sukari kina gramu 4. Ukitia vijiko vitatu katika kila bilauri na ukanywa bilauri nne hadi alfajiri, umekunywa gramu 48 za sukari, sawa na kalori 190 au zaidi, na hujatafuna kitu. Chemsha chai yako na mdalasini, tangawizi na hiliki, kwa kipimo cha kweli na si kwa kunukiza tu, kisha punguza sukari kwa nusu kijiko kila wiki. Mdalasini una utamu wake ambao ulimi unaukumbuka ukishapewa nafasi. Mimi nilifika bila sukari kabisa katika wiki ya saba.

Mke wa Jambiani

Naomba kuleta upande wa sinia, kwa sababu naona ndio unaowashinda wanawake wengi wenye nia nzuri.

Mimi naishi kwa wakwe, tunakula watu wanane, wanawake sinia letu na wanaume lao. Katika sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mkono unafuata mikono ya wengine, na mama mkwe wangu, kwa mapenzi yake, anamsogezea mbele kila anayemwona amesita. Nilipomwambia nimepewa masharti na daktari, alijibu kwamba mwanamke anayenyonyesha hana masharti, na wakati huo mtoto wangu alikuwa ameshatimiza miaka mitatu.

Sikutaka kujitenga na sahani yangu, kwa sababu kwetu kujitenga na sinia kunasomwa kama ugomvi. Nilichofanya ni kuomba zamu ya kupika mboga. Kila siku nikawa natoa bakuli kubwa la mchicha, majani ya viazi au kisamvu, na jingine la mbaazi au kunde, naviweka katikati ya sinia juu ya wali, kwa wingi hata wali wenyewe ukawa unaonekana pembeni tu. Tukianza kula, mimi nachota kutoka katikati. Naukuta wali nimeshashiba nusu, nakula matonge matano au sita ya mbele yangu, naosha mikono. Hakuna aliyenuna. Baada ya miezi kadhaa mama mkwe alianza kuuliza "Kunde za leo ziko wapi?" siku nilipochelewa, na yeye ndiye mwenye sukari katika nyumba yetu.

Kisamvu nakitwanga na kukichemsha muda mrefu, kisha natia tui la pili kidogo kama alivyosema dada wa Mtambile. Bila tui kabisa kisamvu hakiliki kwangu, na sioni sababu ya kujidanganya.

Karafuu ya Mtambile

Hapo kwenye mboga katikati ya sinia umenifungua macho, shoga yangu. Kesho najaribu.

Mwalimu, tuelezee na Ramadhani, maana ndiyo inayotuharibia. Mwaka jana nilifunga siku 29 nikaongezeka kilo mbili na nusu.

Ukili wa Donge

Ramadhani ndiyo niliyoiogopa kuliko miezi yote, na ndiyo iliyonishangaza. Mezani mwetu wakati wa futari kuna muhogo, majimbi, viazi vikuu, viazi vitamu na ndizi, yaani vyakula vyote ninavyovisifu hapa vimekusanyika mahali pamoja, lakini vimezungukwa na tambi za sukari, kaimati, sambusa na maji ya matunda yaliyotiwa sukari. Nilikaa na binti yangu kabla ya mwezi kuandama tukakubaliana kwamba futari ya mizizi itapikwa kila siku ya aina moja tu, kwa tui la pili, na vya kukaanga vitapikwa Alhamisi na Jumapili. Tulifungua kwa tende tatu na maji, tukanywa uji wa pilipili manga, tukasali Magharibi, ndipo tukala. Ile nafasi ya sala ina faida kubwa, kwa sababu mtu akirudi kwenye mkeka ile pupa ya mwanzo imeshatulia.

Daku ndipo nilipotegemea mseto, na kwa kuwa watu wawili wameniandikia pembeni kuuliza, nitaueleza jinsi ninavyoupika.

Mseto wetu wa zamani huwa mchele mwingi na choroko kidogo. Mimi nimeugeuza: vikombe viwili vya choroko za kupaazwa kwa kikombe kimoja cha mchele. Choroko nazikaanga kavu kwanza katika sufuria isiyo na mafuta, nikizigeuza kwa mwiko hadi zitoe harufu ya njugu na baadhi zianze kupata rangi ya kahawia. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoufanya mseto usihitaji nazi nyingi. Naziosha, nazitia maji vikombe saba, naziacha zichemke hadi zianze kulainika, ndipo naongeza mchele, kitunguu kilichokatwa, chumvi kidogo na kipande cha mdalasini. Zikikaribia kukauka namimina kikombe kimoja cha tui la pili, napunguza moto, nafunika. Baada ya robo saa naupondaponda kwa upawa, si sana, ili choroko nyingine zibaki nzima. Unatoka mzito, wa rangi ya majani makavu, unaoshika kijiko. Bakuli moja la mseto huo saa 10 alfajiri, na kipande cha samaki wa chukuchuku, linanifikisha Alasiri bila kizunguzungu, wakati zamani kwa wali na mchuzi nilikuwa nimelegea tangu Adhuhuri.

Ramadhani ile nilipungua kilo moja na robo. Si nyingi, lakini sikuongezeka, na sikukaa hata jioni moja nikiwatazama wenzangu wakila.

Babu wa Mkunazini

Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, naye ndiye anayeniandikia.

Mnashangaa kwa nini watu wa umri wangu tukiletewa muhogo tunasukuma sahani. Nitawaeleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele ulikuwa wa mgao. Nilikuwa kijana, nikipanga foleni kwa ajili ya mama yangu na wadogo zangu, na siku nyingi nilirudi na kikapu chepesi. Tulikula muhogo asubuhi, muhogo mchana, na usiku bada ya unga wa muhogo. Nilijiapiza kwamba nikipata kazi, nyumbani kwangu utapikwa wali kila siku aliyoijaalia Mungu, na nimekitimiza kiapo hicho kwa zaidi ya miaka 40. Wali kwangu haukuwa chakula tu. Ulikuwa ushahidi kwamba shida ile imepita. Watoto wangu hawajui hayo kwa sababu sikuwaeleza, waliona tu kwamba baba hataki muhogo.

Sasa nina sukari, mguu mmoja una kidonda kisichopona haraka, na daktari ananiambia nipunguze wali. Ananiambia kana kwamba ni jambo dogo.

Ukili wa Donge

Shikamoo babu. Nimesoma ulichoandika mara tatu, na nakuomba radhi, kwa sababu niliposema "chakula nilichokipenda tangu utotoni" sikufikiri kwamba kwa mtu mwingine chakula hicho hicho ni utoto aliotaka kuusahau. Basi wewe usile muhogo. Muuguzi ameshasema hapo juu kwamba hauna muujiza. Wali wako ubaki, ila uwe kiasi cha ngumi yako, bila tui, na mahali palipobaki katika sahani pakaliwe na samaki, kunde na mchicha. Kama unataka kitu cha kutafuna kingine, mwambie mjukuu akutafutie shelisheli la kuchemsha msimu wake ukifika, au mbatata mbili ndogo. Na kidonda cha mguu kionwe kila wiki na wanaojua kazi hiyo, usikitie dawa za majani nyumbani.

Muuguzi Mstaafu

Naunga mkono kila neno, na naongeza kwamba huo mguu usitembee bila viatu hata ndani ya nyumba, na usikandwe kwa maji ya moto, kwa sababu mwenye sukari ya muda mrefu anaweza kuungua asihisi. Babu, mjukuu akutazame nyayo zako kila jioni.

Babu wa Mkunazini

Marahaba wanangu. Nyayo ametazama jana na leo, na kliniki nitakwenda Jumatatu.

Jana usiku nilimwambia mke wangu achemshe majimbi. Hayakuwa katika foleni zile, kwa hiyo sina ugomvi nayo. Alileta vipande viwili na changu wa chukuchuku mwenye ndimu nyingi, na bakuli la mchicha. Nilimaliza vyote, na sikuuliza wali uko wapi hadi tulipokuwa tunaosha mikono.